Gereji ya wakala imelitembeza gari langu km 187 bila ruhusa: nianzie wapi?

Bushi_Mpya

Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii kwa undani. Hasira ninazo za kutosha, nyingine sihitaji.

Gari liliachwa kwa wakala wa mtengenezaji Ijumaa asubuhi kwa sevisi ya kawaida na kubadilisha bushi (vipande vya mpira kwenye viungo) za mikono ya chini ya mbele, kwa sababu ya mlio likipita kwenye matuta. Likachukuliwa Jumatatu jioni. Kadi ya kazi iliyosainiwa mapokezi inasema odomita 84,212. Picha niliyopiga likiwa bado kwenye maegesho yao inasema 84,399. Hizo ni kilomita 187. Geji ya mafuta ilikuwa robo tatu, sasa iko chini ya robo. Kiti kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Kituko ni ankara yao: kuingia 84,212, kutoka 84,212, utadhani gari lilibebwa mikononi.

Mpokezi anasema "fundi alikuwa analitesti". Nimeshalipa, gari liko nyumbani, km 9 kutoka kwao. Kamera ya dashibodi ipo, ila haina hali ya kurekodi gari likiwa limezimwa. Sijaigusa.

Naomba kujua: kutesti kunakubalika mpaka kilomita ngapi? Nikusanye nini kabla hakijapotea? Na nidai nini hasa, maana bei ya mafuta peke yake naona kama kujishushia heshima.

Lenzi

Kabla ya yote, chomoa kadi ya kamera sasa hivi. Usiwashe gari kwanza, usiendeshe hata kwenda dukani. Kamera hizi zikijaza kadi huanza kufuta faili za zamani. Kamera moja ya 1080p inayoandika megabiti 16 kwa sekunde hula takriban GB 7.2 kwa saa, hivyo kadi ya GB 64 hubeba kama saa tisa tu. Yenye lenzi mbili, mbele na nyuma, gawa kwa mbili. Kwa kuwa yako hulala gari likizimwa, safari za wikiendi nzima huenda bado zimo. Ingekuwa inarekodi na maegeshoni, ungeshachelewa.

Ukishaichomoa, sukuma kile kitelezi cha kufunga kama adapta yako inacho, nakili folda zote kwenye kompyuta, pamoja na ile ya matukio yaliyofungwa (mtikisiko mkali huhifadhiwa huko peke yake), kisha weka kadi yenyewe kwenye bahasha na usiirudishe garini. Nunua nyingine. Usikate wala kuunganisha vipande vya video kwenye kadi halisi. Kukata fanya kwenye nakala.

Halafu saa. Pigia picha skrini ya kamera pembeni ya simu yako, muda wa vyote viwili uonekane, KABLA ya kurekebisha chochote. Kamera ikiwa imechelewa dakika 47, hiyo tofauti utaitaja kwenye barua, na hakuna atakayekuambia video ni ya siku nyingine. Andika muda kama ulivyo kwenye video, yaani 21:40, usiandike saa 3:40. Barua ikipita mikono mitatu kuna mtu ataisoma saa tatu asubuhi, muda wa kazi, na hoja yako imekufa.

Sauti: baadhi ya nchi zina masharti makali juu ya kurekodi mazungumzo ya watu bila wao kujua. Picha na mwendo vinatosha. Sauti usiisambaze.

Kama gari lina programu ya simu inayoonyesha safari, piga picha za skrini leo. Na kama kuna mtu ataleta wazo la AirTag: kile kifaa huonyesha mahali kilipo sasa au kilipoonekana mwisho, hakikutunzii historia ya njia.

FundiSpana

Swali la kilomita. Mlio wa suspensheni hutestiwa mara mbili, kabla ya kufungua ili fundi ausikie mwenyewe, na baada ya kufunga. Kila mara km 3 hadi 8, kwenye barabara mbovu kidogo. Ikifuata wili alaimenti (kunyoosha magurudumu), kuna mzunguko mfupi mwingine wa kuona kama usukani umekaa katikati. Kwa kazi yako, 10 hadi 20 haina ubishi. Ikifika 30 nataka maelezo. 187 siyo kutesti.

Lakini tusidanganyane, zipo kazi zinazokula kilomita kihalali. Kuchoma masizi kwenye chujio la dizeli hutaka dakika 20 hadi 30 za mwendo usiokatika. Kamera za usaidizi wa dereva kwenye kioo cha mbele, kwa baadhi ya magari, hukalibreshwa kwa kuendesha barabara yenye mistari inayoonekana. Baada ya kufuta makosa ya injini, vipimo vya ndani vya moshi havirudi tayari mpaka gari lilale, liwashwe likiwa baridi, lipite mjini na barabara kuu. Hapo km 50 mpaka 100 si ajabu. Na hitilafu inayokuja na kuondoka inaweza kumlazimu fundi kuendesha siku mbili. Tofauti ni kwamba kazi hizo huandikwa: nani aliendesha, alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi, odomita, sababu. Bushi na oili hazimo kwenye orodha hiyo.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Chomeka kisomeo cha OBD (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), hata kile kidogo cha bluututhi, na usome namba mbili kwenye data ya injini. PID 31 ni umbali tangu makosa yalipofutwa, kwa kilomita. PID 30 ni mara ambazo injini imepashwa moto tangu hapo. Mara moja huhesabiwa pale maji ya injini yanapopanda angalau nyuzi 22 kutoka kuwashwa na kufika kama 70, kwa hiyo kuwasha na kusogeza gari hatua kumi hakuhesabiwi. Wakala kwa kawaida huchomeka mashine gari likiingia na mara nyingi hufuta makosa akimaliza. Kama alifuta Ijumaa alasiri, PID 31 itakuambia gari lilitembea kiasi gani BAADA ya kazi kwisha. Toa km 9 zako za kurudi nyumbani.

USIFUTE makosa. Kitufe cha kufuta kikibonyezwa, namba zote mbili zinarudi sifuri na umejichomea ushahidi mwenyewe. Kukata betri nako kwenye magari mengine huzifuta. Si kila gari hutoa PID hizi, ya kwako ikikataa ndiyo hivyo.

Kuhusu mafuta, geji iache kwenye barua. Robo tatu kushuka chini ya robo kwenye tangi la lita 50 ni zaidi ya lita 25. Kwa km 187, gari linalokula lita 9 kwa 100 linatumia kama lita 17. Kwa hiyo ama limekalishwa likiwaka na kiyoyozi (karibu lita moja kwa saa), ama limekimbizwa vibaya, ama mafuta yamenyonywa, ama geji yako ni muongo, na geji nyingi ni waongo. Jaza tangi mpaka bomba likatike mara ya kwanza, tunza risiti, linganisha na risiti ya mara ya mwisho ulipojaza. Hizo ndizo lita za kudai.

Polepole

Nami nina mashaka kidogo, msinirukie. Kabla ya kumwita mtu mwizi wa gari, ondoeni maelezo mawili.

La kwanza, mwandiko. Mpokezi anayesoma odomita kupitia dirishani anaweza kuandika 84,212 pale palipokuwa 84,312. Tarakimu moja, kilomita 100 zimezaliwa. Tafuta namba yoyote ya kabla ya Ijumaa isiyotoka kwao: risiti ya mafuta uliyoandikia kilomita, picha, programu ya gari, stika ya sevisi iliyopita.

La pili, kazi iliyopelekwa nje. Mawakala wengi hawana kila kitu. Alaimenti, kupresi bushi, wakati mwingine hata kuosha, hupelekwa kwa mtu mwingine. Uliza kwa maandishi: "Je, gari lilipelekwa nje ya gereji yenu, kwa nani, lini, nani aliendesha?" Wakikubali, waonyeshe ankara ya huyo wa nje. Wakikataa, wamejifungia mlango huo wenyewe, hawawezi kuurudia baadaye.

Bushi_Mpya

Nimerudi na majibu. Risiti ya mafuta ya Alhamisi jioni ina kilomita nilizoandika kwa kalamu: 84,196. Kwa hiyo 84,212 ya kadi ya kazi inakubali. PID 31 inasoma 179, nikitoa 9 zangu zinabaki 170. PID 30 inasoma 6. Yaani kabla ya kufuta makosa walitembea km 17 tu, ambazo kwa maelezo ya FundiSpana ni halali.

Kamera ina kila kitu. Ijumaa 16:52 gari linatoka getini, Jumamosi linazunguka mjini mpaka 21:40, Jumapili barabara kuu, spidi ya GPS inafika 148. Saa ya kamera iko nyuma dakika 3. Uso wa dereva hauonekani. Kuhusu kupelekwa nje, mpokezi amejibu kwa ujumbe wa simu: "hapana, kazi yote tumefanya hapa".

FundiSpana

17 kabla, 170 baada. Hesabu safi hiyo. Hata jaji asiyejua spana ataielewa.

Kwa spidi hizo gari likaguliwe na mtu asiye wao, kabla hujafika nalo mbali. Mwambie aangalie diski za breki kama zina rangi ya bluu au ukingo uliopasuka nywele, tairi kama zina sehemu bapa au ukuta uliovimba, rimu upande wa ndani (watu huangalia nje tu, na shimo hupinda ndani), na chini ya gari: sahani ya kinga, bomba la moshi, sehemu za kuwekea jeki. Kama gari ni la klachi, aiteste kwa gia ya juu kwenye mlima mdogo. Mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza.

Na bushi zenyewe! Bolti za mkono wa chini zenye bushi za mpira hukazwa kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, magurudumu chini. Zikikazwa likiwa limening'inia kwenye lifti, mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema. Haihusiani na wizi wa kilomita, ila aliyekuwa na haraka ya kuondoka na gari Ijumaa 16:52 anaweza kuwa na haraka kwenye bolti pia. Alaimenti ipimwe upya, na karatasi yenye namba za kabla na za baada itunzwe.

HakiNaAnkara

Sasa barua. Simu na maneno ya mapokezi havina uzito. Andika kwa meneja wa huduma, nakala kwa mkurugenzi wa tawi, kwa barua pepe na kwa mkono ukipata muhuri wa kupokelewa. Ukurasa mmoja. Usimtuhumu mtu kwa jina, usiandike "wezi". Mfano:

"Tarehe [..] nilikabidhi gari namba [..] kwa kazi namba [..], odomita 84,212. Nilikabidhiwa tarehe [..] likiwa na 84,399. Kumbukumbu za gari zinaonyesha km 170 zilitembea baada ya kazi kukamilika, ikiwemo usiku wa Jumamosi na Jumapili. Sikuruhusu matumizi hayo. Naomba ndani ya siku 7: (a) jina la kila aliyeendesha, na muda, (b) nakala ya daftari la funguo na la majaribio ya barabarani, (c) sababu ya ankara kuonyesha kilomita zilezile kuingia na kutoka, (d) picha za kamera za geti kuanzia Ijumaa 16:00 hadi Jumatatu zihifadhiwe zisifutwe. Madai yangu ya fidia yatafuata baada ya ukaguzi."

Kipengele (d) ndicho cha haraka kuliko vyote. Kamera za geti hujiandika juu yake zenyewe baada ya siku au wiki chache. Ukishaomba zihifadhiwe kwa maandishi, zikipotea ni wao watakaoeleza zimepoteaje. Video yako usiwapelekee yote sasa. Taja kwamba ipo, subiri maelezo yao kwanza. Mtu asiyejua una nini husema ukweli zaidi, au hudanganya kwa namna inayomfunga.

Soma pia nyuma ya kadi ya kazi uliyosaini. Kuna sentensi ndogo ya "mteja anaruhusu gari kuendeshwa kwa majaribio". Wataitumia. Jibu lake ni fupi: majaribio ya kazi iliyoagizwa, basi. Gari limekabidhiwa kwa shughuli maalumu. Anayelitumia kwa shughuli yake ametoka nje ya idhini, na sheria nyingi humbebesha hasara iliyotokea huko nje hata kama aliendesha kwa uangalifu. Kuna mahali ni kosa la jinai pia. Uingereza, kwa mfano, kifungu cha 12 cha Sheria ya Wizi ya 1968 kinahusu kuchukua chombo cha usafiri bila idhini ya mwenyewe, hata kama mtu hakukusudia kukiiba moja kwa moja.

Kiasi cha kudai. Ukihesabu kwa uaminifu, hasara ya kilomita ni ndogo: lita 15 za mafuta kwa km 170, asilimia 1.7 ya sevisi ya kila km 10,000, asilimia 0.4 ya tairi za km 40,000. Ukipeleka hesabu hiyo peke yake watakulipa wakicheka. Kwa hiyo panga hivi: kiwango cha gharama kwa kilomita kinachotumiwa rasmi kuwalipa wafanyakazi wanaotumia magari yao (hicho tayari kina mafuta, uchakavu na bima ndani), gharama ya ukaguzi huru na alaimenti, gharama ya usafiri wako kuanzia Ijumaa jioni kwa sababu gari lilikuwa tayari na hawakukuita, na kurudishiwa ufundi wote wa ankara. Hiyo ya nne haina hesabu ya risiti, ni ya kujadiliana. Dai la usafiri usilidharau, watu wengi hulisahau.

Wasipojibu siku 7: ofisi ya mtengenezaji au mwagizaji anayempa wakala leseni ya kutumia jina, kisha chombo cha kulinda walaji, kisha mahakama ya madai madogo. Na kama mtengenezaji hukusanya data za gari kwa mtandao, omba zako. Umoja wa Ulaya, ibara ya 15 ya GDPR (sheria ya ulinzi wa data binafsi) inakupa haki hiyo, na ombi kwa kawaida hutakiwa kujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Sheria za namna hiyo sasa zipo nchi nyingi.

Kwa wengine watakaosoma na hawajalipa: msigome kulipa. Gereji kwa kawaida ina haki ya kulizuia gari mpaka kazi ilipwe, na mgogoro utageuka kuwa wa deni lako. Lipa, andika juu ya ankara na nakala yao "nimelipa huku nikipinga, km 187 hazijaelezwa", saini, tarehe.

Kifuniko

Mmesahau faini. Gari limepita barabara kuu kwa 148, na usajili ni wa kwako. Faini ya kamera ikija itakuja kwako, na nyingi zina muda maalumu wa kumtaja dereva. Muda huo ukipita, mzigo unaweza kubaki kwako. Ndiyo maana jina lililoombwa kwenye (a) si la kulipiza kisasi. Angalia pia akaunti ya kadi ya ushuru wa barabara kama unayo. Inakatwa bila kelele, na kila geti lina saa yake.

Bima: wajulishe kwa maandishi kwamba ni taarifa, siyo dai. Sera hutofautiana juu ya gari likiwa mikononi mwa gereji, soma kipengele cha "watu wanaoruhusiwa kuendesha". Ukaguzi ukikuta umegonga kitu, dai liende kwa bima ya gereji yenyewe kwanza, lisichafue rekodi yako. Polisi? Kwa kilomita peke yake watakuambia ni mambo ya madai. Kukiwa na ajali, faini au mtu aliyeumia, nenda siku hiyohiyo.

Bushi_Mpya

Barua imeenda jana na imegongwa muhuri. Leo meneja amepiga simu, anatoa sevisi inayofuata bure na anataka nisaini karatasi kwamba "suala limekwisha". Ukaguzi ni kesho kutwa.

HakiNaAnkara

Usisaini. Mwambie hivi, kwa barua pepe: "Nashukuru kwa pendekezo. Nitajibu baada ya ripoti ya ukaguzi, na baada ya kupata majibu ya (a) hadi (d)." Ukija kukubali, karatasi itaje kilomita 170, itaje kwamba faini na tozo zozote za Ijumaa 16:52 hadi Jumatatu ni zao, na kwamba kasoro itakayoonekana baadaye kwenye kazi ya bushi haimo kwenye makubaliano. Na sevisi ya bure igeuzwe fedha. Ya nini kuwapelekea gari tena?

FundiSpana

Kesho kutwa mwambie mkaguzi asome PID 31 na 30 mwenyewe na aziandike kwenye ripoti pamoja na odomita ya saa hiyo. Zikitoka kwake zina uzito kuliko picha ya simu yako. Na mwambie mapema, kabla hajachomeka mashine, asifute kitu.